Likasi: Muuguzi aliyechoka na ufunguo wa kabati la dawa

Muuguzi anapoonekana kazini akinuka pombe, au ampuli za dawa ya maumivu zinapopungua bila maelezo, watu husema haraka: huyu ameharibika tabia. Katika Likasi, mji wa migodi ulio kilometa 120 hivi kutoka Lubumbashi, jibu hilo halitoshi. Kazi ya uuguzi yenyewe imezungukwa na mambo manne yanayomsukuma mtu kwenye ulevi: uchovu, malipo madogo, dawa zilizo karibu na ukimya wa wenzake.

Mji huu, uliokuwa ukiitwa Jadotville, uliishi miaka mingi kwa Gécamines. Kampuni hiyo ililipa mishahara na kutibu wafanyakazi pamoja na jamaa zao. Kisha uzalishaji wa shaba, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukaanguka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Familia nyingi zilipoteza mshahara na haki ya kutibiwa kwa pamoja.

Muuguzi wa leo anafanya kazi juu ya mabaki hayo. Kama katika sehemu nyingine za Kongo, wauguzi wengi hawajaingia kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Wanategemea primu ndogo inayotoka kwenye pesa za wagonjwa. Wagonjwa wakipungua, primu inapungua. Ndiyo maana mmoja anakesha hospitalini, na asubuhi anaingia zamu nyingine katika kituo cha binafsi. Mgongo unauma kwa kuinua wagonjwa, na usingizi hauji mchana kwa kelele za mtaa. Hapo kidonge cha kwanza hakimezwi kwa starehe. Kinamezwa ili mtu aweze kusimama, au aweze kulala.

Hatari ya pili ni ujuzi wake mwenyewe. Muuguzi anajua kipimo, anajua kuchoma sindano, hivyo anajidanganya kwamba ataweza kuacha wakati wowote. Tramadol haimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa kama morfini, na inapatikana kirahisi. Zaidi ya hayo, mara nyingi familia ndiyo inayonunua dawa za mgonjwa. Akifariki au akiruhusiwa kwenda nyumbani, ampuli zilizobaki huweza kubaki mkononi mwa muuguzi bila kuandikwa popote. Kwa asiyegusa dawa, lutuku ipo mtaani kwa bei ndogo.

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Mwaka 1998, watafiti Trinkoff na Storr walichapisha uchunguzi juu ya wauguzi zaidi ya 4,400 wa Marekani. Wale wa huduma za dharura walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kutumia bangi au kokeni kuliko wenzao wa idara nyingine za kawaida. Wale wa wodi za saratani walielekea zaidi kunywa pombe kupita kiasi. Maana yake ni kwamba mahali pa kazi pana uzito wake.

Anayelipa bei ni mgonjwa. Mama aliyepasuliwa akipewa nusu ya dawa, atalia usiku kucha huku karatasi ikionyesha amepewa yote. Na muuguzi kijana wa A2 aliyeona, atamshitaki vipi mkuu wa wodi anayepanga zamu zake? Ananyamaza, na ugonjwa unakua.

Sheria ya Julai 2016 iliunda Baraza la Wauguzi la Kongo, lenye jukumu la kulinda maadili ya kazi. Lakini adhabu ikiwa ndiyo mlango pekee, kila mtu atajificha. Jimbo la Florida, Marekani, lilianza mwaka 1983 mpango wa kumwondoa muuguzi kwa wagonjwa, kumtibu, kumfuatilia, kisha kumrudisha kazini akipona. Katanga haianzi mikono mitupu: Lubumbashi ina kituo cha Dr Joseph Guislain cha magonjwa ya akili, kama vile Bukavu ina Sosame na Goma ina Tulizo Letu.

Kuna hatua zisizohitaji kungoja Kinshasa. Dawa kali zihesabiwe na watu wawili kila zamu inapobadilishwa. Ampuli iliyobaki iandikwe na kurudishwa kwa familia au famasi. Asiyelala asipewe zamu ya pili. Na anayeomba msaada kabla hajakamatwa ahakikishiwe kwamba hatapoteza mkate wa watoto wake. Bila hilo la mwisho, mengine yote yatamfundisha tu kujificha vizuri zaidi.