Vitabu vinne, deni moja

Mwezi uliopita nilisoma vitabu vinne ambavyo hakuna hata kimoja kilichomo kwenye kozi yangu. Nasoma uhasibu, kwa hiyo mwenzangu wa chumbani aliponiona na riwaya wiki mbili kabla ya testi, akaniuliza kama nimehamia Kiswahili. Sijahama. Ila nataka kubishana na ile kauli yetu maarufu kwamba desa linatosha, mengine ni kupoteza muda.

Vitabu vyenyewe nilivichukua bila mpango. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) kwa kuwa ni nyembamba. Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979) ilikuwa inazunguka hosteli haina mwenyewe. Mabepari wa Venisi (1969), tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, niliikuta maktaba. Peponi (2022), riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nimeazima kwa mtu wa fasihi aliyenipa siku saba tu. Nilipofika cha tatu nikaanza kuona kwamba vyote vinamhusu mtu mmoja: yule anayebanwa na makubaliano ambayo hakuyaandika yeye.

Tuanze na Peponi. Yusuf ana miaka 12 anapoondoka kwao na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwona kama ndugu wa familia. Ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani, anayemfungua macho: Aziz si ndugu yake, na yuko pale kwa sababu ya deni la baba yake. Mtoto amewekwa rehani! Na Aziz wala si mkali. Ni mpole, ananukia vizuri, hapigi kelele. Noma yenyewe ndiyo hiyo, kwamba deni liliingia nyumbani na sura ya ukarimu.

Kwenye Mabepari, Antonio anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake. Anasaini bila wasiwasi, maana ana uhakika meli zake zitarudi mapema. Mambo yanapoharibika, hela zinatolewa maradufu, zinakataliwa. Huruma inaombwa, inagonga mwamba. Anayemwokoa ni Portia, kwa kusoma mkataba neno kwa neno: umetaja nyama, haukutaja damu. Hata hivyo sikumshangilia sana. Shylock alishatukanwa vya kutosha kwa Uyahudi wake kabla hajadai nyama ya mtu, na mwisho analazimishwa kuacha dini yake. Anayejua kusoma mkataba anaweza kuokoa, na anaweza kuonea pia.

Sasa nenda Kusadikika. Karama anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuhimiza watu wajifunze sheria. Kosa ni hilo tu! Na kwenye Kuli, makuli wa bandari ya Zanzibar wanafika kwenye mgomo wa 1948 baada ya kuelewa kwamba mmoja mmoja hawana ubavu.

Jamani, tujiangalie. Wengi wetu hapa chuoni tunaishi kwa bumu. Simaanishi kwamba Bodi ya Mikopo ni Shylock; bila mkopo wapo ambao wasingeligusa geti la chuo. Lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mnufaika anayeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, badala ya 8 ya awali. Waliotutangulia walikuwa wakiongezewa pia asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, ambayo iliondolewa 2021 baada ya malalamiko ya muda mrefu. Haya si mambo ya siri. Lakini pita kijiweni uulize, utakuta watu wanajua tarehe ya bumu kuliko wanavyojua masharti yake.

Darasani nafundishwa kwamba deni ni namba inayokaa upande wa kulia wa mizania. Ni kweli, na kwenye mtihani nitaandika hivyohivyo. Desa halikuniambia kwamba deni linaweza kumwondoa mtoto kwao, wala kwamba aliyekopa na aliyekopesha hawasomi karatasi ile kwa jicho moja. Hayo nimeyapata kwenye riwaya, na nadhani yatanifanya mhasibu bora kuliko GPA peke yake.

Najua mtaniambia muda hakuna na vitabu ni ghali. Muda upo, tunaugawa na simu. Na hivi vinne sikununua hata kimoja.

Kwa hiyo naomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi mambo mawili, yote ya bei rahisi. La kwanza, wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza, mkataba wa mkopo usomwe kwa sauti, kipengele kwa kipengele, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mwanafunzi wa sheria awepo wa kujibu maswali. La pili, kila hosteli iwe na rafu moja ya vitabu vya kuazimana, na anayemaliza mwaka wa tatu aache angalau kimoja.

Mimi naanza na Kuli. Kama wewe ndiye mwenyewe, samahani, utaikuta kwenye rafu.