Jicho la Jirani si Kipimo Chako



Tunapopura maharage, kijiti huweza kuruka na kumpiga mtu jichoni. Kupasua kuni nako ni vivyo hivyo. Mtu akiumia, jirani humwambia: "Hata mimi niligongwa hivyo. Nilikaa nyumbani nikapona."

Usifuate shauri hilo. Sababu ni hii.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, mna chembe za fahamu zipatazo milioni 1. Hizo ndizo zinazopeleka habari za kuona kwenye ubongo. Pigo kubwa laweza kuumiza mshipa wa fahamu wa jicho. Hapo chembe huanza kufa. Hazifi zote siku moja. Huendelea kufa kwa siku na wiki. Chembe iliyokufa haioti tena.

Je, watu wote hupoteza sawa? Mkulima, wewe wajua mbegu. Panda mbegu mbili za maharage katika shamba moja. Jua likizidi, moja hukauka, nyingine hustahimili. Jua ni lile lile. Mbegu ndiyo tofauti.

Wataalamu wa Marekani walijaribu jambo hili kwa panya, wakaeleza matokeo mwaka 2007. Walichukua koo 15 za panya. Wote walibanwa mshipa wa jicho kwa namna moja. Baada ya siku 21, koo nyingine zilikuwa zimepoteza chembe nyingi, nyingine chache. Tofauti hiyo ilitokana na urithi.

Binadamu pia hurithi. Presha ya jicho huua chembe hizo hizo polepole, mara nyingi bila maumivu. Hupata zaidi watu ambao mzazi au ndugu yao anayo. Huko Kongwa, Dodoma, watu walipimwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2000. Kati ya kila watu 100 wenye miaka 40 na zaidi, 4 hivi walikuwa nayo. Pigo nalo laweza kuleta presha hiyo, hata baada ya miaka.

Basi, ukiumia jicho, iwe Kitanga au kijiji kingine cha Kasulu na Kibondo, fanya hivi:

1. Usilisugue wala kulikandamiza.
2. Usitie majani, maziwa wala mkojo.
3. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu au damu, omba upelekwe hospitali ya wilaya.
4. Mweleze mganga kama mzazi au ndugu yako ana presha ya jicho.

Daktari hawezi kufufua chembe zilizokufa. Lakini aweza kutibu kidonda na presha, ili zilizobaki zisalimike.