Nani Amemuuliza Mgonjwa Atakacho?

Miaka michache iliyopita niliombwa na watafiti fulani niwasahihishie hojaji kuhusu huduma za afya, iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Swali la kwanza kabisa lilimtaka mgonjwa aeleze upendeleo wake hospitalini. Nilicheka, kisha nikasikitika. Msemaji wa Kiswahili akilisikia neno upendeleo karibu na dirisha la hospitali, hawazii matakwa yake. Anamwona karani akimpitisha binamu yake mbele ya foleni. Mhojiwa mwadilifu angeapa kwamba upendeleo hana, na wala hajawahi kuonja utamu wake.

Kosa dogo, lakini limebeba jambo kubwa. Nchi yenye fedha kidogo na wagonjwa wengi haina budi kuamua kipi kitangulie: kusafisha damu ya wenye figo mbovu, au dawa za shinikizo la damu katika kila zahanati, kitanda cha wodini, au chanjo ya mtoto. Sisi Wakenya tumo katikati ya uamuzi huo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa mwaka 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya ukachukua mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mchuuzi asiye na hati ya mshahara naye huulizwa maswali chungu nzima juu ya nyumba yake na vilivyomo ndani, ili ikadiriwe atalipa kiasi gani. Angependa fedha hizo zimnunulie nini? Hojaji hiyo haina haja na jibu.

Najua nitaambiwa kwamba Katiba ya 2010 inaamuru umma ushirikishwe. Naam, na ni ushirikishwaji huo hasa uliozua kesi: mnamo Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo ilipitishwa pasipo umma kushirikishwa ipasavyo, na Septemba mwaka uo huo Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Lakini hata ukumbi ungejaa pomoni, anayesikika ukumbini ni mwenye sauti nene na nauli ya kufika. Bibi anayeuguza mjukuu nyumbani hafiki. Na anayefika, akiulizwa anataka nini, husema anataka vyote. Nani asiyetaka vyote?

Hapo ndipo wanauchumi wa afya wanapotufaa. Wao humwonyesha mhojiwa zahanati mbili za kubuni. Ya kwanza iko mwendo wa dakika 20 kwa miguu, dawa zake zimejaa rafuni, ila wauguzi wake wana matusi. Ya pili iko mwendo wa saa nzima, dawa ni zile zile, na wauguzi wake wana staha. Chagua moja. Kisha huletwa jozi nyingine, ambamo nauli imeongezeka au dawa zimepungua, na nyingine tena. Asili ya mbinu hii ni hoja aliyoitoa Kelvin Lancaster mwaka 1966, kwamba mtu hanunui kitu bali sifa zilizomo ndani ya kitu. Na Daniel McFadden, aliyetunga hesabu za kuchambua machaguo ya namna hii, alituzwa Nobel ya uchumi mwaka 2000. Baada ya mamia ya watu kuchagua, hesabu hufichua siri ambayo pengine hakuna angeitamka ukumbini: mama mjamzito yu tayari kutembea dakika ngapi zaidi ili asitukanwe.

Ada ya kujifungua katika vituo vya umma iliondolewa mwaka 2013. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba uzazi uliofanyika katika vituo vya afya ulikuwa takriban asilimia 82. Hao waliosalia hawakuzuiwa na ada peke yake. Ukiondoa bei bila kujua ni sifa gani nyingine inayomkimbiza mtu, umetibu jeraha moja la mgonjwa mwenye mawili.

Mbinu nyingine hupima thamani ya hali za afya zenyewe. Mashuhuri kabisa ni hojaji iitwayo EQ-5D, yenye vipengele vitano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kila kipengele kikipewa ngazi tatu, hupatikana hali 243. Kikipewa ngazi tano, 3,125. Kisha watu huulizwa: tuseme ungekuwa wa kulala kitandani kwa miaka 10, ungekubali miaka mingapi michache zaidi ukiwa mzima kabisa? Jibu hugeuzwa alama, na alama huingia katika hesabu ya kuamua tiba ipi inastahili fedha.

Mimi si tabibu wala mwanauchumi, lakini lugha ndiyo kazi yangu, na hapa naona mashimo. Tukianza na swali la hali, Mswahili akiulizwa hujambo hujibu sijambo, hata akiwa na homa, ndipo aongeze "ila mguu unaniuma." Ukiandika neno lake la kwanza ukafunga daftari, umeandika adabu, hukuandika afya. Kwa wenyeji wa Mombasa, "siwezi" ni kauli ya kale ya kusema naumwa. Bara, ni kukosa uwezo. Mtu mmoja akiulizwa kuhusu kutembea akajibu "siwezi," je, umepata kipengele cha kwanza au cha nne? Huzuni nayo aghalabu haiji kwa jina lake. Huja ikiitwa mawazo mengi, au moyo mzito. Ama kile kiambishi -nge-, ambacho swali la miaka 10 linakitegemea kabisa, kwa wazee wengi si kiambishi cha kukisia bali cha kuita balaa. Katika majaribio ya hojaji ile niliyoisahihisha, mzee mmoja alimtazama msaili akamuuliza, "Mwanangu, nani amekutuma uje unipimie siku zangu?" Nadhani alistahili jibu.

Kwa muda mrefu watafiti wengi barani Afrika walilikwepa tatizo hili kwa kuazima alama za Uingereza, zilizotokana na mahojiano na watu wapatao 3,000 wa huko mwaka 1993. Yaani thamani ya goti la mkulima wa Kitui ilipimwa kwa goti la mkazi wa York! Wakulima hutembea na kuinama kutwa. Haielekei kwamba goti lina bei moja kwao na kwa mtu akaaye ofisini. Zimbabwe walikataa kuazima: wakazi wa Glen View mjini Harare waliulizwa wenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Ethiopia nayo ilichapisha alama zake mwaka 2020.

Sheria yetu ya 2023 imeweka jopo la kushauri kuhusu huduma zitakazolipiwa na viwango vyake. Kabla jopo hilo halijavipitia tena viwango, na liagize maswali yaulizwe kwa Kiswahili kilichojaribiwa Lamu na Kakamega, na kwa Kidholuo, Kikamba na Kisomali, na msaili awe mtu anayejua kusubiri neno linalofuata "sijambo." Wa kuifanya kazi hiyo hawatafutwi mbali. Katika idara zetu za Kiswahili na isimu wamo wanafunzi wa uzamili ambao kila muhula hunijia wakilalamika kwamba mada za tasnifu zimekwisha.