Piano Chini ya Mabomu: Tunautetea Muziki wa Filamu za Uingereza za Wakati wa Vita

Anayeanza kusoma falsafa hufundishwa mapema kuutilia shaka muziki. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Plato anaziondoa mjini tuni za maombolezo kwa kuwa zinalegeza roho za walinzi. Karne karibu nane baadaye Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha tatu cha Maungamo, anashangaa kwa nini watu hupenda kwenda kwenye maigizo ili wahuzunishwe na mateso ambayo wao wenyewe wasingetaka yawapate. Maswali hayo ni mazito, na sisi tunaoyasoma darasani hatuna haki ya kuyaruka. Lakini tungependa kuyajaribu mbele ya filamu chache za Uingereza zilizotengenezwa kati ya 1941 na 1945, ambazo piano yake imewaliza watu wengi na kuwachekesha wahakiki wengi. Wahakiki wanasema ni sukari tupu. Sisi tunasema sivyo, ingawa si kwa filamu zote.

Tuanze na Dangerous Moonlight ya 1941, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst. Stefan Radecki, mpiga piano wa Poland ambaye pia ni rubani, anakutana na mwandishi wa habari wa Marekani katika Warsaw inayopigwa mabomu. Yeye yuko kwenye piano, nyumba zinaanguka, naye anaendelea kupiga. Baadaye anakimbilia ng'ambo, anamwoa yule mwandishi, anapiga matamasha ya kuwachangia Wapoland, kisha anaacha yote na kwenda Uingereza kurusha ndege za kivita. Anaanguka na kupoteza kumbukumbu. Filamu inaanza hospitalini London, mgonjwa akigongagonga vitufe vya piano bila kujua yeye ni nani, na ni muziki unaomrudishia jina lake.

Muziki wenyewe, Warsaw Concerto, ni wa dakika tisa hivi. Uliandikwa na Richard Addinsell, ukapangwa kwa ajili ya okestra na Roy Douglas, na aliyeupiga ni Louis Kentner, ambaye jina lake halikuwekwa kwenye filamu. Ulitungwa makusudi ufanane na muziki wa Rachmaninoff. Hapo wahakiki hushangilia: si mnaona, ni nakala! Na mwanafunzi wa Plato lazima ashtuke, maana kwa Plato nakala iko mbali na ukweli.

Lakini hebu tuangalie nakala hiyo inasema nini. Warsaw ilipigwa mabomu kwelikweli mwezi Septemba 1939. Tarehe 23 ya mwezi huo Władysław Szpilman alipiga Chopin katika redio ya Poland, na hayo yakawa matangazo ya mwisho ya muziki wa moja kwa moja kabla redio hiyo haijanyamazishwa. Marubani 145 wa Poland walipigana katika anga ya Uingereza mwaka 1940. Radecki ni mtu wa kubuni, ila kilio chake hakikubuniwa. Waingereza walioketi katika kumbi za sinema mwaka 1941 walikuwa wametoka kwenye miezi minane ya mabomu katika miji yao wenyewe. Swali la Augustino linawahusu watu wanaotafuta huzuni wasiyo nayo. Hawa huzuni walikuwa nayo tayari, wakakosa mahali pa kuilia. Sinema iliwapa mahali hapo.

Tena hawakuipata kwenye sinema peke yake. Vita vilipoanza, picha za National Gallery kule London zilihamishiwa Wales zisiharibiwe, na jengo likabaki kuta tupu. Mpiga piano Myra Hess akaomba ruhusa ya kufanya matamasha humo saa za mchana. Yalianza Oktoba 1939 na kuendelea mpaka Aprili 1946, karibu matamasha 1,700, kiingilio shilingi moja. Makarani na wanajeshi walikuja wakati wao wa chakula, na mabomu yalipozidi walihamia chini ya jengo. Walisikiliza Bach, walisikiliza Beethoven. Muziki wa Wajerumani, wakati ndege za Ujerumani ziko juu! Tunadhani hapa Plato angekuwa na kazi ya kueleza. Watu wale hawakulegea. Walirudi kazini saa nane.

Si kila filamu ya aina hii tunaweza kuitetea kwa moyo mmoja. Love Story ya 1944 ina mpiga piano aliyeambiwa kwamba moyo wake ni mgonjwa na siku zake ni chache, na mwanaume anayeelekea kupofuka, na miamba ya Cornwall, na mawimbi. Cornish Rhapsody ya Hubert Bath ni nzuri kuisikiliza, lakini hadithi inarundika misiba mpaka mtu anaanza kuihesabu. Hapo hoja ya sukari tunaikubali. The Seventh Veil ya 1945 ni jambo jingine, nayo inatutisha kidogo. Binti Francesca analelewa na ndugu mkali, anayemlazimisha kufanya mazoezi ya piano mpaka anakuwa maarufu, na siku anapotaka kuondoka mlezi huyo anampiga fimbo mikononi akiwa anapiga piano. Na mwisho wa filamu, kati ya wanaume wote, ni huyo anayechaguliwa. Muziki unapanda, ukumbi unafurahi. Hapo muziki unatumika kufunika kitu kilichopaswa kusemwa, na anayetafuta mfano wa hatari aliyoihofia Plato asiende mbali.

Basi Brief Encounter, iliyoongozwa na David Lean kutoka kwa igizo la Noël Coward. Ilipigwa mwanzoni mwa 1945, vita vikiwa bado vinaendelea, katika stesheni ya Carnforth huko kaskazini; palichaguliwa kwa kuwa palikuwa mbali na hatari ya mabomu, hivyo taa zingeweza kuwashwa usiku. Laura, mama wa watoto wawili, anakutana na Alec, daktari mwenye mke na watoto. Wanakutana kila Alhamisi. Wanapendana, wanatishika, wanaachana. Muziki safari hii si nakala: ni Rachmaninoff mwenyewe, utungo wake wa pili wa piano na okestra, ukipigwa na Eileen Joyce. Rachmaninoff aliuandika mwaka 1900 na 1901 baada ya miaka ya kukata tamaa, tangu simfoni yake ya kwanza ilipodharauliwa mwaka 1897, na alimtunukia daktari aliyemsaidia kupona, Nikolai Dahl.

Wenzetu wengine wanasema filamu hii inaipamba zinaa kwa muziki mtamu. Tunawaomba watazame tena muziki huo unatoka wapi. Unatoka kwenye redio ya sebuleni. Laura amerudi nyumbani, amekaa na mumewe Fred, ambaye anajaza fumbo la maneno la gazeti, na moyoni anamsimulia yeye, Fred, kila kitu, kwa kuwa ndiye mtu pekee ambaye angeweza kumwelewa na ndiye pekee asiyeweza kuambiwa. Muziki unajaza nafasi hiyo ya kimya. Kuna wakati Fred anaomba sauti ipunguzwe kidogo, imezidi. Mtengeneza filamu aliyetaka kutulewesha asingeliweka neno hilo.

Na filamu yenyewe inajua tofauti ya hisia za bei rahisi na hisia za kweli. Katika mgahawa wawili hao wanamcheka mama anayepiga muziki vibaya. Wakienda sinema wanamkuta yeye yuleyule kwenye kinanda, wanacheka zaidi. Wanaenda pia kutazama filamu ya mapenzi makali, inawachosha, wanatoka kabla haijaisha. Lean anatuambia waziwazi: hicho sicho ninachowauzia.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, anafundisha kwamba mihemko ya nafsi kwa yenyewe si dhambi wala si fadhila. Inakuwa njema au mbaya kadiri inavyoongozwa na akili na utashi. Anakwenda mbali zaidi: ni ukamilifu mkubwa kwa mtu kutenda jema akiwa na hisia pamoja na utashi kuliko kwa utashi peke yake. Laura anarudi nyumbani akiwa na hisia zote. Hazijafa, hazijakanwa, na bado amerudi. Kwa sisi tunaojiandaa kwa maisha ya useja hili si jambo la sinema tu. Wapo wanaodhani malezi mema ni kuufanya moyo usisikie kitu. Mtu wa namna hiyo atakaa vipi na mjane usiku wa msiba? Atamsikiliza vipi mwanandoa anayemwambia kwamba amechoka?

(Kwa faida ya wapiga kinanda wetu: Papa Pio wa Kumi, mwaka 1903, alikataza piano kanisani. Hatudai irudishwe. Tunazungumzia sebule na ukumbi wa sinema.)

Ukumbi wetu ukipata nafasi Jumamosi moja, tunapendekeza ianze Brief Encounter, kisha Dangerous Moonlight. The Seventh Veil ionyeshwe pale tu patakapokuwa na muda wa mjadala baadaye, na mjadala huo uwe mrefu. Love Story inaweza kusubiri likizo.