Je, Kucheza Nako Kwasomewa?



Mwezi huu nataka kuzungumza na wazazi kabla ya vijana, kwa kuwa jambo lenyewe aghalabu hukwama kwa mzazi. Kijana amemaliza shule na kufaulu vyema, aulizwa ataka kusomea nini, naye ajibu kuwa ataka elimu ya kuwatibu wenye ulemavu kwa njia ya michezo na mapumziko. Baba acheka. "Nikutolee karo ukasomee kucheza?" Mama hacheki, lakini ashika tama. Basi kijana huona haya, akanyamaza, akaandikishwa masomo asiyoyapenda.

Natuitazame elimu yenyewe kwanza, kicheko kije baadaye ikiwa bado kipo.

Huko Marekani elimu hii yasomeshwa katika vyuo vikuu, na aisomaye hupata shahada kama wasomi wengine. Hujifunza jinsi mwili wa binadamu ulivyoungwa, maradhi na ajali ziudhoofishazo, na hali ya nafsi ya mtu aliyepoteza nguvu zake. Liko baraza la kazi hiyo, lililoundwa mwaka 1981, nalo halimpi mtu cheti chake kwa kusoma vitabu tu. Afuataye njia ya shahada hiyo hana budi kufanya kazi chini ya mkufunzi kwa muda usiopungua wiki 14 na saa 560, kisha akae mtihani. Huo si mchezo.

Na kazi yenyewe je? Mtaalamu huanza kwa kumwuliza mgonjwa alipenda kufanya nini kabla ya kupatwa na yaliyompata. Hupima aweza nini na hawezi nini, humpangia shughuli yenye kusudi, na baada ya muda hupima tena. Ikiwa haikumfaa huibadilisha. Mfano tunao barazani kwetu. Mchukue mzee aliyepatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kuchota kete kwamlazimu afungue vidole na kuvifunga. Kuzisambaza shimo kwa shimo kwamfunza kuachia kwa kipimo. Kuhesabu kete ya mwisho itaangukia wapi kwaamsha akili, na mwenzake aliyeketi mbele yake amtoa katika upweke. Mwambie mzee huyo akunje vidole mara 50 bila sababu, atachoka afikapo mara ya 10. Lakini mtu aliyekaribia kumla mwenziwe hahisi uchovu. (Wapo wazee ambao hata adhana haiwaondoi baoni, na hao nitawasema siku nyingine.) Kazi ya aliyesoma ni kujua mkono gani utumike, ubao uinuliwe kiasi gani, kete ziwe kubwa kiasi gani hapo mwanzo, na lini mgonjwa apumzike.

Atakaye ushahidi mkubwa zaidi naye autazame Uingereza. Zamani mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha. Alilazwa kitandani, akapata vidonda vya kulalia na maradhi ya kibofu, na wengi wao hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1944, vita vikuu vikiwa vingali vyapiganwa, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia dhuluma ya Ujerumani mwaka 1939, alipewa kusimamia wodi ya majeruhi wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Alikataa kuwaacha walale wakingoja mauti. Aliamrisha wageuzwe mara kwa mara, usiku na mchana, na vidonda vyao vitunzwe. Kisha akawatia katika michezo, wakiwa wameketi vitini mwao. Upinde na mshale ulifaa mno, kwani kuuvuta upinde hujenga mabega na mikono, nayo ndiyo miguu ya mtu asiyetembea.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha katika uwanja wa hospitali hiyo. Mwaka 1952 walikuja wenzao kutoka Uholanzi. Mwaka 1960 wachezaji wapatao 400 wa nchi 23 walikutana Roma, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Wengi wao ni watu ambao miaka 20 kabla wangaliandikiwa kufa.

Yuko atakayesema kuwa mchezo ni upuuzi tu katika dini. Huyo na akumbuke kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini naye yupo.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Mvulana asiyeweza kutembea huenda wenziwe wakambeba hadi uwanjani, akawa hata mlinda mlango. Lakini msichana mwenye ulemavu hufungiwa ndani, wazazi wakisema wamsitiri. Huyo hakusitiriwa, amezikwa angali hai. Haja yake ni mwanamke aliyesoma, awezaye kumfundisha kuogelea au kurusha mpira mahali pa staha. Kwa hiyo binti akiomba kusoma elimu hii, asikilizwe kwa makini zaidi kuliko kaka yake.

Sitaki, hata hivyo, kijana adanganyike. Masomo ya Marekani ni ghali mno, na huku kwetu nafasi za kazi zenye jina hilo ni adimu. Iko njia ya karibu. Ile tiba kwa vitendo, ifundishayo mgonjwa kuvaa, kula na kufanya kazi tena, ni ndugu wa elimu hii, nayo husomeshwa KCMC, Moshi, na katika chuo cha utabibu cha KMTC nchini Kenya. Apendaye kufundisha watoto yuko Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kwa elimu maalumu, na Nairobi iko KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986. Akiisha kushika moja ya kazi hizo, aweza kuitia michezo ndani yake bila kungoja cheo.

Kabla ya kujaza fomu, kijana na aombe ruhusa akasaidie kwa miezi miwili katika shule au kituo cha watoto wenye ulemavu kilicho karibu naye. Atalisha, atapangusa mate, atarudia jambo moja mara mia kwa mtoto ambaye pengine hatamtazama usoni. Na mzazi amfuate huko siku moja, asimwambie, akae kando atazame.