Jino Limetoka, Uvimbe Wazidi

Gego likishang'olewa, nyumbani huhesabiwa kuwa maudhi yamekwisha. Mgonjwa hupewa uji, akaachwa alale. Aghalabu ni kweli: maumivu hupungua siku baada ya siku na kidonda hufunga. Lakini mara chache vijidudu huzama ndani ya nyama, na hatari huanza baada ya jino kutoka.

Mizizi ya magego ya nyuma katika taya la chini hufika karibu na sakafu ya kinywa. Maambukizi yakipenya hapo, huenea chini ya ulimi na kidevu hadi shingoni. Mwaka 1836 tabibu wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Uvimbe wake huuinua ulimi ukaziba njia ya pumzi, pengine kwa muda wa saa chache tu.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, mrudishe mgonjwa kwa daktari wa meno. Lakini ukiona uvimbe chini ya kidevu, homa, kinywa kisichofunguka, mate yanayodondoka kwa kushindwa kumeza, au sauti iliyobadilika, usingoje kuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Ikiwa baba wa nyumba yu safarini, apigiwe simu nanyi mko njiani.

Kinga huanza kabla ya kung'oa. Mwambie daktari ikiwa mgonjwa ana kisukari, au amewahi kuwekewa vali ya moyo, kwani vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu vikashambulia moyo. Akiandikiwa viuavijasumu, avimalize hata akipata nafuu.

Baada ya kung'oa, donge la damu ndilo kifuniko cha kidonda. Asilichokonoe, wala asivute sigara. Kwa saa 24 za mwanzo asisukutue. Na udhu je? Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kusukutua ni sunna, si faradhi; akiacha kwa dharura hiyo, udhu wake umesihi. Siku ya pili asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Jino ni dogo, ila lipo jirani na njia ya pumzi. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu, amin.