Kompyuta mpya: sitaficha furaha yangu

Wanamemba wenzangu, nasikia minong'ono: pesa ya kompyuta ingenunua meza za kukaushia kahawa. Ni kweli, meza hazitoshi. Lakini mimi, karani wenu, nimefurahi sana.

Ile ya zamani munaijua. Diski yake ilizunguka ikilia kama mashini ya kusaga muhogo. Unaiwasha, unapima kahawa ya watu wawili, unarudi, bado haijafunguka! Batri ilishakufa, na huku kwetu mavuno yanakutana na mvua: wingu likifunika sola, inazimika na kazi ya asubuhi yote. Msimu uliopita mama mmoja alipoteza kilo 46 namna ile. Daftari yake njo ilimuokoa.

Hii mpya haina diski ya kuzunguka. Inafunguka mbele umalize kusalimia watu, na batri inafika mangaribi. Juzi mzee mmoja aliona jina lake na kilo zake kwenye kioo, akacheka, akaomba aone tena.

Kwa hiyo naomba kamati: siku ya kupima, kioo kigeuzwe upande wa mulimaji. Na daftari zenu musitupe.